Jani Alilolichagua Mtemi Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanashika jembe na kusonga ugali kama sisi, palikuwa na bonde la udongo mweusi. Jua lililipiga tangu asubuhi, na mto ulipita kandokando yake. Mwenye bonde alikuwa Mtemi Nyati. Nani alimpa bonde lile? Pembe zake.

Wanyama wadogo walikaa Kivulini, chini ya jabali kubwa. Huko jua lilichungulia saa sita, na saa tisa likawa limeshaondoka. Udongo wake ulikuwa mchanga mtupu, wa baridi, ukiukanyaga asubuhi unaruka. Brrr!

Basi huko Kivulini aliishi Ndezi. Mnamjua Ndezi? Anafanana na panya, ila ni mnene, manyoya yake magumu, na meno yake hukata shina la mtama kama patasi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Wa kwanza alikuwa binti, jina lake Kabula, kwa hiyo majirani walimwita mama yake Mama Kabula.

Mtemi Nyati alikuwa na sheria yake. Kila mwaka, siku ya arobaini baada ya kupanda, nyapara wake, Ngiri, alipita kwenye mashamba na fimbo iliyokatwa sawasawa na goti la mtemi. Mtama ukifika ncha ya fimbo, mwenye shamba ni mchapakazi. Usipofika, ni mvivu. Na mvivu alikwenda kulima shamba la mtemi mpaka mavuno.

Mtama wa Kivulini ulifika lini? Haukufika hata mwaka mmoja.

Mwaka ule Ngiri alikuja kama kawaida. Tii! Akachomeka fimbo katikati ya shamba la Ndezi.

"Nusu goti!" akafoka. "Mvivu wewe. Kesho asubuhi nikuone bondeni na jembe."

"Baba Nyapara," akasema Ndezi, "mwanangu Kabula anaumwa. Hajala tangu juzi. Niache nipalilie changu."

"Ungepalilia mapema."

"Nimepalilia mara tatu! Tazama, kuna hata gugu moja? Mtama unataka joto kwenye mizizi. Unataka maji, samadi na mwanga. Hapa nitavipata wapi?"

"Kamwambie mtemi," akasema Ngiri, akang'oa fimbo yake.

Ndezi akaenda barazani. Wanyama walikuwa wamejaa, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Akapiga goti, akaeleza yote.

Mtemi Nyati akacheka mpaka vumbi likatimka puani. "Ati mtama unasikia baridi! Ukaushonee blanketi basi!"

Baraza zima likacheka. Na wale wadogo wa Kivulini, ambao mtama wao nao ulikuwa nusu goti, nao wakacheka. Walicheka kwa nguvu zaidi, ili waonekane.

Ndezi akainama, akaondoka. Alikuwa na neno jingine kinywani, lakini alilimeza.

Siku ya nne ya kulima bondeni, mtoto wake wa kati alikuja mbio. "Mama! Kabula hataki kuamka vizuri!"

"Baba Nyapara, naomba ruhusa," Ndezi akasema. "Nikampe uji tu, nirudi."

"Maliza mstari."

Akamaliza mstari. Ngiri akamwonyesha mwingine. Akamaliza na huo. Jua lilipokaribia kuzama ndipo alipoachiwa, akakimbia, pu-pu-pu-pu, mpaka Kivulini. Alimkuta Kabula amelala kwenye jamvi, miguu imekauka kama vijiti. Akamshika. Alikuwa wa baridi kama ule mchanga.

Walimzika asubuhi, kando ya jabali. Majirani walilia. Ndezi hakulia. Alikung'uta udongo mikononi akaenda moja kwa moja barazani.

"Pole, Mama Kabula," akasema Mtemi Nyati, huku anatafuna. "Umekuja kuomba siku za matanga?"

"Nimekuja kukubali, Mtemi. Mimi ni mvivu. Lakini hata jani langu la kivivu litakua kulishinda lako."

Nyati akaacha kutafuna. "Unasemaje?"

"Tushindane siku saba. Tena shambani kwako, kwenye shina moja, ili pasiwe na maneno. Udongo mmoja, jua moja, maji yaleyale. Wewe chagua jani unalotaka, mimi nitachukua lolote. Na langu nitalikata ncha."

"Utalikata!" Nyati akaguna. "Na dau?"

"Langu likikua zaidi, wewe na nyapara wako mhamie Kivulini, na bonde liwe letu sisi wadogo. Lako likikua zaidi, mimi na wanangu wawili ni watumwa wako mpaka tufe."

"Haya! Mmesikia wote?" Nyati akanguruma.

"Tumesikia!"

Wakaenda shambani. Nyati akazunguka, mff, mff, mpaka akapata shina nene. Akachagua jani pana kuliko yote, refu, la kijani kibichi, limetanuka kama mkono wa mfalme. Ngiri akalipima kuanzia linapoachana na shina hadi ncha. Shubiri nne.

Ndezi akaparamia shina lilelile. Katikati kabisa palikuwa na jani changa lililojiviringa, limechomoza kidogo tu. Kwatu! Akaling'ata ncha. Likabaki vidole viwili.

Wanyama wakashika vichwa. "Mama huyu ana wazimu wa msiba," walinong'ona.

Tangu siku ile Mtemi Nyati hakupumzika. "Ngiri! Maji!" Ngiri akaleta mitungi, chubwi, chubwi. "Ngiri! Samadi!" Ngiri akabeba makapu ya samadi mpaka mgongo ukachubuka. "Ngiri! Yale mashina ya jirani yanatia kivuli, yakate!" Ngiri akakata. Na kila walichokileta kilishuka kwenye shina moja.

Siku tatu za kwanza jua liliwaka kwelikweli. Jani changa likapanda vidole vitatu kila siku. Siku ya nne wingu likatanda, upepo wa baridi ukavuma, na jani halikusogea hata kidole kimoja. Ndezi alikaa amelikodolea macho. Aliwafikiria wanawe wawili.

"Limechoka!" Nyati akashangilia. "Nilijua!"

Siku ya tano jua likarudi. Jani nalo likarudi mwendo wake.

Siku ya sita mchana, Ndezi alipokwenda kuwapikia watoto uji, Ngiri akatazama huku, akatazama kule. Akainama, nyaku! Akaling'ata lile jani changa vidole vitatu. Kisha akashika jani la mtemi, akalivuta ili lirefuke. Praa! Likapasuka kwa urefu, lakini halikurefuka.

Siku ya saba baraza lote likakusanyika shambani.

"Pima, Ngiri," akasema Nyati.

Ngiri akapima jani la mtemi. "Shubiri nne."

"Pima tena!"

"Shubiri nne, Mtemi. Halijaongezeka hata unywele."

Akapima la Ndezi, lenye alama ya meno mapana ya ngiri ambayo kila mtu aliiona. "Lilikuwa vidole viwili. Sasa..." Akarudia kupima. "Sasa ni shubiri moja na ushei."

"Lakini langu bado ni refu!" Nyati akapiga kelele.

"Hatukushindania urefu," Ndezi akajibu. "Tulishindania kukua."

"Huu ni uchawi! Jani limekatwa ncha mara mbili, limekuaje?"

"Mtemi, jani la mtama halikulii nchani. Hukulia chini, ndani ya ala yake, kama kisu kinachosukumwa kutoka ndani. Sisi tunaotafuna mashina tunakujua huko kulivyo laini na kutamu. Jani lako lilikuwa limemaliza kukua hata kabla hujalichagua. Maji yako na samadi yako yote, Ngiri alinibebea mimi."

Safari hii wadogo walicheka, na wakubwa hawakujua watazame wapi. Maneno yalikuwa yamesemwa mbele ya wote. Nyati akakunja jamvi lake.

Alipofika kwenye njia ya Kivulini akageuka. "Mama Kabula, kule ni baridi. Mtama haukui. Nitakula nini?"

"Fanya bidii," akasema Ndezi.

Ngiri akabaki nyuma, akanyoosha fimbo kwa mikono miwili. "Mama, bado ninayo. Naweza kukupimia mashamba ya hawa."

"Hiyo fimbo kakokee moto. Kisha umfuate bwana wako."

Jioni ile wadogo walipiga ngoma bondeni, ti-ti-tindi! Walimbeba Ndezi juujuu. "Mama Kabula ana akili! Mama Kabula awe mtemi!"

"Nishusheni," akasema.

Wakamshusha.

"Mnasema nina akili. Habari hii ya jani niliijua tangu nilipoota meno. Siku ile mliponicheka barazani nilikuwa nayo kinywani. Niliogopa pembe, nikaimeza, nikaenda kulima. Kabula alikuwa bado anapumua."

Mpiga ngoma akaiweka ngoma chini. Ndezi akawashika mikono wanawe wawili, akaenda kutafuta mahali pa kulala.

Akili inayochelewa hushinda shamba, lakini haifufui mtoto.