Mlinzi wa Majani ya Kiangazi

Hadithi, jamani, hadithi!

Njoo, tumekaa kitako.

Ije na mvua au ije na jua?

Ije navyo vyote, tutavipokea.

Basi, hapo kale, kale sana, nyumbu alikuwa hatembei ameinamisha kichwa kama atembeavyo leo. Alitembea kichwa juu, pembe juu, akimtazama kila mtu machoni.

Wakati huo palikuwa na mbuga moja kubwa. Wanyama wala majani wa mbuga ile walikuwa na desturi yao. Mvua za kwanza zikinyesha, walitenga bonde moja zuri, wakalizungushia matawi ya miiba. Bonde hilo waliliita ngitili. Muda wote wa mvua hakuna aliyeingia ngitili. Majani yalikua, yakatoa maua, yakatoa mbegu, na mbegu zikaanguka. Kiangazi kikikaza na mbuga ikikauka, ndipo walipofungua mlango wakala.

Na hapo hawakuvamia. Punda Milia alitangulia, akakata majani marefu na magumu. Nyumbu akafuata, akala ya katikati. Swala akaja mwisho, akala machipukizi mororo yaliyobaki chini. Kila aliyetangulia alimwandalia anayefuata.

Siku ya kufunga ngitili, kila mnyama alikanyaga tope la mlangoni na kuapa: "Mguu wangu hautaingia mpaka mbegu zianguke." Tope likikauka, alama za kwato zilibaki pale pale.

Mwaka mmoja wakatafuta mlinzi. Wakamchagua Mama Nyumbu. Alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kike siku ya mvua kubwa, akamwita Mbula, yaani mvua. Tangu hapo wote walimwita Mama Mbula.

"Wewe hupendi makuu," alisema Punda Milia, aliyekuwa msemaji wao. "Na hatujakusikia ukigombania chakula. Tunakuamini, shemeji."

Mama Mbula aliona haya kusifiwa mbele za watu. Akakanyaga tope, akaapa kwamba yeye ataingia kulinda tu, si kula.

Kazi ya mlinzi ilikuwa kuzunguka ndani ya ngitili na kuimba, ili walio nje wajue yuko macho. Akaimba:

*Majani lala, majani kua,*
*Mlinzi nipo, nalindia jua.*
*Wa kiangazi watakuja kula,*
*Mlinzi nipo, sijalala.*

Siku moja mvua ilinyesha, jua likatoka, na ngitili yote ikanukia. Kulikuwa na majani fulani membamba, matamu kama maziwa. Yalikuwa yanaanza kutoa mbegu. Mtoto alikuwa ananyonya kwa nguvu, na Mama Mbula alihisi njaa.

"Kishungi kidogo tu," alijiambia. "Ni kwa ajili ya mtoto. Nani atajua?"

Akala kishungi kidogo. Akala na cha pembeni yake. Mara Punda Milia akapita nje ya miiba.

"Mama Mbula! Mbona sikusikii?"

Akaimba kinywa kimejaa: "*Mmajani mmlala, mmajani mmkua...*"

"Sauti imekuwaje, shemeji?"

"Mafua! Ni umande huu wa alfajiri."

"Pole sana. Watu wengine wangekimbia kazi."

Mama Mbula akameza. Majani yalikuwa matamu, lakini hayakushuka vizuri.

Kiangazi kikafika, ngitili ikafunguliwa, wote wakala wakashiba. Hakuna aliyegundua kitu. Ila Swala alisema, "Yale matamu ni machache mwaka huu, au ni macho yangu?" Wakacheka, wakasema ni macho yake.

Mwaka wa pili mvua zikanyesha, wakakanyaga tope, wakaapa. Mama Mbula alikuwa na mtoto mwingine. Safari hii hakungoja njaa. Alikula yale matamu upande wa mashariki, akala na upande wa magharibi, akayaacha machungu. Machungu yakatoa mbegu. Matamu hayakutoa.

Punda Milia akapita. "Mama Mbula, mbona wimbo unakatika katika?"

"Jino, shemeji! Jino linanisumbua."

"Maskini. Ukimaliza kazi hii tutakufanyia sherehe."

Kila jioni alipotoka mlangoni aliiona alama ya ukwato wake kwenye tope lililokauka. Akaanza kupita upande wa pili.

Kiangazi kikafika. Ngitili ikafunguliwa. Majani hayakufika hata nusu, na hapa na pale ardhi ilikuwa wazi kama kichwa cha mzee mwenye upara.

"Nani amekula?" akauliza Punda Milia.

Macho yote yakamgeukia mlinzi. Mama Mbula alifungua kinywa aseme kweli. Ulimi ukakataa.

"Mchwa," akasema. "Niliwaona wakiyabeba kuingiza shimoni."

Ni kweli mchwa hubeba majani, jamani. Lakini huokota yaliyokufa. Uongo wenye punje ya ukweli ndani yake humezwa upesi. Wanyama wakapandwa na hasira.

"Twende tukabomoe vichuguu vyao! Mlinzi aanze!"

Mama Mbula hakutaka kuanza. Lakini angesemaje? Akainua ukwato, akapiga kichuguu cha kwanza. Kikapasuka. Ndani alikuwamo Mama Mchwa, mkubwa, mweupe, hawezi kukimbia. Akasema kwa sauti ndogo ambayo aliisikia Mama Mbula peke yake:

"Mwenzangu, dari yangu ndiyo njia yako. Mvua mbili nzima nasikia kwato zako juu ya kichwa changu. Haya, piga."

Wengine wakapiga. Vichuguu vyote vikawa vumbi. Mchwa wakambeba mama yao, wakahama.

Mwaka wa tatu mvua zikanyesha kubwa. Lakini ngitili haikunywa maji. Zamani maji yaliingia ardhini kupitia vijishimo vya mchwa. Sasa vijishimo havikuwapo. Majani ya kuyazuia maji hayakuwapo pia. Maji yakateleza juu ya ardhi ngumu, yakabeba udongo mwekundu mpaka korongoni. Palipokuwa pakiota majani matamu pakaota ndulele, ile mimea ya miiba yenye matunda ya njano, machungu, ambayo hakuna anayeyala.

Mama Mbula, naye akinyonyesha tena, aliona yote hayo. Yalibaki mashungi machache ya majani mazuri chini ya mawe. Akajiambia, "Haya hayatamtosha yeyote." Akayala.

Punda Milia akapita. "Mama Mbula, leo huimbi kabisa?"

Safari hii Mama Mbula alijibanza nyuma ya jiwe mpaka Punda Milia alipoondoka.

Kiangazi kikafika. Siku ya kufungua ngitili Swala alikuwa ameshajifungua mtoto, akamwita Limi, yaani jua, kwa kuwa alizaliwa jua likiwaka. Limi alikuwa na miguu kama vijiti. Swala hakuwa na maziwa. Alimlaza mtoto kivulini, akambembeleza, "Vumilia, mwanangu. Leo wanafungua. Leo mama atakula, utanyonya."

Wakaondoa miiba. Upepo ulipuliza vumbi tu, na ndulele zikatikisika.

"Ni mchwa!" Punda Milia akapiga kelele. "Leo nawamaliza!"

"Mchwa gani, shemeji?" akasema Swala. "Si tuliwafukuza mwaka jana?"

Kisha mmoja akamtazama Mama Mbula, na mwingine akamtazama. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, wakati wao mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Msimtazame hivyo!" Swala akasema. "Mwenzetu ameshinda juani miaka mitatu kwa ajili yetu. Mafua yake, jino lake. Kunenepa ni maumbile tu. Mimi nilikuwa mnene zamani, hamkumbuki?"

Kisha Swala akaenda kando, akarudi na kishungi cha majani mdomoni. Alikipata kwenye ufa wa mwamba, alikuwa amekitunza. Akakiweka mbele ya Mama Mbula.

"Chukua, Mama Mbula. Mlinzi halindi na njaa. Mimi nitatafuta kingine."

Mama Mbula alikitazama kile kishungi. Alimtazama Limi pale kivulini, shingo imelala, anafumba macho. Aibu ikampanda kutoka kwenye kwato mpaka kwenye pembe. Pembe zikawa nzito. Kichwa kikashuka, kikashuka, mpaka pua ikagusa vumbi.

"Usinipe," akasema. "Si mchwa. Ni mimi. Mwaka wa kwanza ni mimi, mwaka wa pili ni mimi, na mwaka huu ni mimi. Sikuwa na mafua. Jino langu ni zima."

Aliwangojea wampige. Hawakumpiga. Walimtazama tu, na angeona afadhali kupigwa. Hata Mbula, binti yake, alisogea kando kidogo.

Punda Milia ndiye aliyejikohoza. "Na mimi nilikupa pole," akasema taratibu. "Kumbe nilikuwa nampa pole mwizi wangu."

Swala aligeuka, akarudi kwa mtoto wake.

Mama Mbula akamfuata, kichwa chini.

"Mama Limi," akasema. "Sina uso wa kukuomba kitu. Lakini ziwa langu limejaa. Maziwa haya ni majani yenu. Mwache mtoto anyonye haki yake."

Swala alimtazama mtoto wake. Akasema, "Kama ingekuwa ni mimi, ningekufa na kiburi changu. Lakini huyu hana kosa." Akamsogeza mtoto.

Limi alinyonya. Mara ya kwanza alitapika, mara ya pili akameza, mara ya tatu akasimama.

Kesho yake wanyama walifanya shauri. "Fimbo haioteshi majani," wakasema. Wakaamua mbuga ile ipumzike, wao wahame kufuata mvua. Mama Mbula akaenda mbali kumwomba Mama Mchwa radhi.

"Tutarudi," akasema Mama Mchwa. "Lakini wewe ulivunja kwa teke moja. Sisi tunajenga kwa mate, mdomo kwa mdomo. Usituharakishe."

Mvua zikaja, zikapita, na mchwa wakarudi wakajenga polepole. Kila walipopita pale, Mama Mbula alidondosha mavi yake kwenye ardhi iliyo wazi ili irutubike, wala hakula hata jani moja mle ndani. Mbula akazaa. Binti wa Mbula naye akazaa. Ndipo siku moja yule kitukuu akaita, "Bibi, njoo uone! Kuna majani membamba hapa, yana mbegu!"

Kiangazi hicho wanyama wakarudi, wakafungua ngitili. Wakamwambia, "Bibi, tangulia wewe. Umetubu vya kutosha."

"Hapana," akasema. "Punda Milia atangulie."

Ndiyo maana mpaka leo nyumbu humwacha punda milia atangulie. Ndiyo maana hakai mahali pamoja. Akishakula huhama, ardhi ipumzike. Na ndiyo maana uso wake ni mrefu na umeinama, hata asipokuwa na kosa siku hiyo.

Basi, wanangu, kinachotafunwa kwa siku moja huchukua vizazi kuota tena. Na aliyepewa kulinda cha wote, aulinde kwanza mdomo wake.

Hadithi yangu ninaifunga kwa miiba hapa hapa. Ikiwa tamu, msiimalize leo. Waachieni na watakaokuja. Ikiwa chungu, hiyo ni ndulele yangu, nitaing'oa mwenyewe.