Baba Mayatima na Mtungi wa Nili

Hivi wewe, umewahi kumsaidia mtu, kisha ukaomba kimoyomoyo isifike siku atakayoacha kukuhitaji? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, halafu keti usikilize habari za Mundhiri bin Asimu wa mji wa Wasiti.

Wamepokezana wasimulizi, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia aliishi huko Wasiti, mji ulio kati ya Kufa na Basra, mfanyabiashara wa sufu aliyejulikana kwa swala ya safu ya kwanza na mkono mwepesi wa kutoa. Nayasema haya mapema usije ukamfanya iblisi kabla ya wakati. Mundhiri alikuwa mtu mwema kwelikweli. Najua tunapenda visa ambavyo mwema ni mwema tangu bismillahi hadi amina, lakini watu wa aina hiyo wanapatikana zaidi kwenye hotuba za mazishi.

Ikatokea tauni. Ikamchukua fundi mmoja wa kutia nguo rangi pamoja na mkewe, ikaacha nyuma kiwanda chenye mitungi mikubwa ya nili, ile rangi ya buluu, na mtoto mmoja wa kike, Rumaisa, ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka. Jamaa za marehemu wakakutana. Habari za kiwanda walizijadili kutwa nzima. Habari za mtoto zilikwisha kabla maji ya udhu hayajawakauka mikononi. Ndipo Mundhiri, ambaye alikuwa jirani tu, aliposimama akamshika mtoto mkono.

"Huyu nampeleka nyumbani kwangu," akasema. "Na kiwanda ni chake, si chenu."

Kadhi akamthibitisha kuwa mlezi. Mundhiri na mkewe, Bi Lubaba, hawakuwa wamejaliwa mtoto. Rumaisa akala walichokula, akavaa walichovaa. Alipougua surua, Mundhiri alikesha akimpepea. Akamwekea mwalimu wa Qur'ani na wa hesabu, na alipoona jinsi binti alivyokuwa akisimama sokoni kuchungulia vyungu vya rangi, akamtafutia bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba yake, amfundishe nili: jinsi ya kuivundika kwa chokaa, pumba na tende, jinsi ya kuutambua mtungi ulio hai kwa harufu yake. Mali ya yatima hakuigusa. Kiwanda alikitia kufuli, na miaka yote ile hakutoa humo hata kijiti cha kukorogea.

Ufadhili wa namna hii ndio ulioahidiwa ujirani wa Mtume peponi, na lau kisa kingeishia hapa tungeitikia amina tukaenda zetu.

Lakini watu wakaanza kumwita Baba Mayatima. Mwanzoni jina lilimtia haya. Baadaye akalizoea. Baadaye tena, likichelewa kutajwa, akawa analisubiri. Baada ya swala ya Ijumaa alikuwa akisimama na wageni wa mji na kusema, "Na huyu ndiye yatima wangu," akilitamka neno hilo kama mtu anayeonyesha pete. Rumaisa alikuwa keshamfikia mabegani, anajua kugawa mirathi kwa mafungu yake, na bado anaonyeshwa kama kitoto kilichookotwa jana.

Sasa, sheria haikumwachia mlezi mlango wazi. Imeamuru yatima akikua ajaribiwe: mtoto wa mfanyabiashara apewe bidhaa auze, mtoto wa fundi apewe kazi ya ufundi wake. Akionekana ana busara, akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi, na mlezi arudi nyumbani na thawabu zake, hana la ziada.

Hapo kwenye "hana la ziada" ndipo Mundhiri alipokwama.

Siku ya jaribio la kwanza kiwanda kilifunguliwa, Kadhi Numairi akaja na mashahidi wawili, na Rumaisa akachovya sufu katika mtungi aliouandaa kwa mikono yake. Ikatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Rumaisa akalia. Mundhiri akambusu kipaji cha uso mbele za watu. "Usilie, mwanangu. Mimi nipo." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Subira gani hii! Mlezi gani huyu!

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Safari hii Rumaisa hakulia. Aliinama akaunusa mtungi, akainuka, akamtazama mlezi wake kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Haya, ami." Basi.

Kadhi akatoa neno lake: "Nitakuja mara moja tena. Yuko fundi wa Basra anayekitaka kiwanda hiki kwa ukodishaji wa muda mrefu. Binti akishindwa, nitampa yeye, na binti atabaki chini ya mlezi wake."

Kilichouharibu mtungi kilikuwa siki. Nili iliyovundikwa ni kitu chenye uhai. Inaishi kwa chokaa, na uchachu unaiua. Alfajiri ya kila jaribio Mundhiri alipita kiwandani "kumwombea dua binti", na ufunguo alikuwa nao yeye. Gudulia moja la siki kali ya tende lilitosha. Hoja hakukosa, kama asivyokosa mtu yeyote mwenye akili anayefanya jambo la kijinga: binti bado mchanga, dunia ina fisi, wachumba watamfuata kwa ajili ya kiwanda. Yote aliyafanya kwa ajili yake. Alijiambia hivyo hadi akakaribia kuamini.

Jioni ya kuamkia jaribio la mwisho, Bi Lubaba alikuwa akimenya vitunguu.

"Kesho," akasema.

"Inshaallah," akajibu Mundhiri.

"Na akifaulu?"

"Alhamdulillahi."

"Hiyo alhamdulillahi umeitoa kama mtu aliyemeza jiwe."

"Namwonea uchungu, mke wangu. Bado mchanga."

"Mchanga? Juzi mgawo wa mirathi ya dada yako nani aliyekusahihishia? Ulinyamaza kimya kama maji mtungini." Akaweka kisu chini. "Hebu nikuulize, Baba Mayatima. Kesho ikitangazwa kwamba Wasiti hakuna tena yatima hata mmoja, kila mtoto anajitegemea, wewe utasujudu sijida ya shukrani au utaweka matanga?"

Mundhiri akainuka. Akatoka kwenda kuswali sunna ambazo siku nyingine huwa hazikumbuki.

Ungetaraji maneno yale yangemtosha. Hayakumtosha. Alfajiri alishika njia ya kiwandani, gudulia limefichwa chini ya joho. Mlango ulikuwa wazi. Rumaisa alikuwa ameketi juu ya mkeka kando ya mtungi, mkate mapajani.

"Asalaam alaykum, ami. Umeamka mapema."

"Wa alaykum salaam. Nani amekufungulia?"

"Bi Lubaba amenipa ufunguo wa akiba. Na hicho chini ya joho?"

Mtu wa safu ya kwanza ana taabu moja: uongo haumjii upesi. "Siki," akasema. Kisha akaona aibu ya neno hilo ilivyosimama uchi, akaongeza, "Ya mkate. Nilidhani hujafungua kinywa."

"Mwenyezi Mungu akulipe heri. Hakuna kitoweo kama hicho."

Akalipokea gudulia kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu kwa mkubwa, akamimina kidogo bakulini, akamega mkate. "Bismillahi, ami. Karibu."

Wakala. Ilikuwa ile siki inayokaza taya. Machozi yalimlengalenga Mundhiri, na hakujua kama ni ukali au ni kitu kingine.

"Kali," akasema.

"Kali sana," akasema Rumaisa. "Chovya tena, ami."

Akachovya tena. Kila tonge alilolimeza lilikuwa na uzito wa ushahidi. Walipomaliza, Rumaisa akatoka nje, akaimwaga siki iliyobaki kwenye mfereji, akalisuuza gudulia, akamrudishia likiwa safi.

"Tangu lini unajua?" akauliza Mundhiri kwa sauti ya chini.

"Tangu mwaka jana."

"Na hukumwambia kadhi?"

"Ningemwambia nini? Kwamba aliyenilisha, akanisomesha, akanikeshea, ndiye huyohuyo? Mdomo wangu hauwezi, ami. Mimi nimejaaliwa subira. Hili lingine, la kusema, ni lako."

Jua lilipopanda, ua wa kiwanda ulijaa watu. Kadhi Numairi akakaa penye kivuli, mashahidi wake kulia na kushoto. Mundhiri akasimama mahali pake pa kawaida, pale ambapo kila mtu angemwona akifariji.

Rumaisa akapiga bismillahi, akakunja mikono ya kanzu, akalizamisha fungu la sufu nyeupe. Akaliacha humo, akiligeuza polepole kwa kijiti, hana haraka, midomo ikicheza kwa dhikri. Kisha akalivuta juu.

Lilikuwa la kijani. Kijani cha manjano, kama majani yaliyochemshwa.

"Subhanallah!" akapaza sauti mfua shaba mmoja. "Tumeitwa kuona rangi, kumbe dada kapika mchicha!"

Watu wakaangua kicheko. Mundhiri, mguu ukawa tayari umeinuka kwenda kumbusu kipaji cha uso. Mazoea ni kitu kibaya.

"Ngoja, ami," akasema Rumaisa bila kugeuka. "Na wewe mfua shaba, usiondoke. Shiba macho kwanza."

Akalitundika fungu kwenye kamba, upepo ukalipitia. Pembe moja ikaanza kubadilika, kana kwamba mtu asiyeonekana anapitisha kidole. Kijani kikarudi nyuma, buluu ikasonga mbele, uzi kwa uzi, hadi fungu zima likawa la buluu ile nzito ya mbingu baada ya magharibi. Halafu bibi aliyemfundisha akapiga kigelegele, na kigelegele kikaitikiwa hadi barabarani. Mfua shaba alikuwa wa kwanza kulia "Allahu Akbar!", na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Rumaisa hakucheka, hakulia. Alisimama mbele ya kazi yake mikono ikimchuruzika buluu, shingo imenyooka, na kwa mara ya kwanza Mundhiri hakuona yatima pale. Aliona fundi.

Ndipo Kadhi Numairi alipoinua mkono.

"Mwenyezi Mungu amebariki," akasema. "Lakini mimi ni mchungaji wa mali ya yatima, sikuja kufurahishwa. Mara mbili mali imeharibika, mara moja imetengemaa. Mara moja yaweza kuwa bahati. Siwezi kumkabidhi mtu kiwanda kwa bahati." Kigelegele kikafia kooni mwa watu. "Labda kama zile mbili zilikuwa na sababu isiyokuwa upungufu wake. Binti, unayo ya kusema?"

Rumaisa akatazama chini. "Sina, kadhi wangu."

"Mlezi? Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi. Sababu ilikuwa nini?"

"Sema, Baba Mayatima!" wakaitikia watu kwa mapenzi. "Mtetee mwanao!"

Na hapa tusimame kidogo. Mundhiri angeweza kupona kwa sentensi moja ya kistaarabu: utoto, kadhi wangu, ulikuwa utoto tu, sasa amekua. Watu wangempenda zaidi. Kiwanda kingekwenda kwa fundi wa Basra, na binti angerudi naye nyumbani akimpikia uji hadi azeeke. Anayekula mali ya yatima tunamjua na tunamlaani. Yuko mwingine asiyekula kitu, ila anamnyima yatima siku ya kuondoka, na huyo tunampa nafasi safu ya kwanza. Ufadhili ni daraja. Mwenye kulijenga ana thawabu; mwenye kusimama katikati yake asipite mtu ana hesabu ya kujibu.

Yaliyokuja baadaye yanajulikana: kwamba buluu ya Rumaisa ilivaliwa hadi Damasko, kwamba ua ule ulijaa wasichana wasio na baba waliojifunza kazi wakatoka humo na mitungi yao wenyewe, na kwamba kila aliyeweza aliondoka kwa shangwe, hakuna aliyezuiwa mlangoni. Lakini yote hayo yalikuwa yananing'inia asubuhi ile kwenye ulimi wa mzee mmoja ambaye taya zake zilikuwa bado zimekazwa na siki.

Alimtazama Bi Lubaba aliyesimama kati ya watu. Bi Lubaba hakumsaidia. Akapiga hatua akatoka mahali pake pa kawaida, akasimama mbele ya kadhi kama wanavyosimama washitakiwa.

"Mtungi ulikufa mara mbili kwa sababu niliumwagia siki," akasema Mundhiri bin Asimu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Mimi. Kwa mkono huu, alfajiri, nikisema naja kumwombea dua. Binti hajawahi kushindwa hata siku moja. Niliogopa tu kurudi nyumbani nikiwa Mundhiri basi."