Siku Mwenyekiti Alipolazwa Pamoja na Mizinga

"Alazaye wote humlaza na mkwe." Mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi, mkacheka weee, sasa mnakuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe mwenye simu iweke chini. Si ya enzi za mababu kama mnavyodhani. Methali hii ililetwa na kompyuta, na ilianza hivi.

Palikuwa na chama cha wafugaji nyuki huko Unyamwezi, na katibu wake kijana mmoja, Mrisho Kapaya. Mrisho alikuwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, mkutano mkuu wa mwaka. La pili, na ndilo lililomkosesha raha, barua ya posa aliyoipeleka kwa mwenyekiti wa chama, Mzee Lugusi, kwa ajili ya binti yake Mwavita. Wiki ya tatu hiyo, jibu hakuna. Mzee akikohoa tu ofisini, Mrisho anaruka.

Siku mbili kabla ya mkutano, mzee alikuja kukagua slaidi zitakazoonyeshwa ukutani. Mrisho alikuwa amechora mizinga sitini, kumi kwa kila kijiji, yote imesimama wima.

"Hivi nini, vinu?" mzee akauliza. "Lini umeona mzinga umesimama mtini? Mzinga hulala, kijana! Na uuzungushie kijani, rangi ya chama. Ukishindwa hili, hayo mengine utayaweza?"

Hayo mengine! Mrisho alijua ni yapi.

Sasa, kulaza mizinga sitini mmoja mmoja ni kazi ya kuumiza mgongo, na Mrisho alikuwa fundi wa makro, yaani zile amri unazoandika mara moja, kompyuta ikazitekeleza yenyewe. Kila mzinga alikwisha kuupa jina, Mzinga wa Kwanza hadi wa Sitini. Kuiambia kompyuta iguse ile yenye majina hayo tu kungemgharimu mstari mmoja zaidi. Lakini haraka, wanangu! Akaandika: katika kila slaidi, kila umbo lisilo na maandishi, lilaze, lizungushie ukingo mnene wa kijani. Akabonyeza. Akatazama slaidi za mizinga: imelala, inapendeza. Akajipongeza kwa soda. Slaidi ya mwisho hakuifungua.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Mzee Lugusi alichelewa, pikipiki yake imepata pancha njiani, wakaanza bila yeye. Mizinga ikapita, makofi yakapigwa. Kisha ikaja slaidi ya mwisho, na Mrisho akatamani ardhi ipasuke immeze.

Picha ya Mzee Lugusi nayo haikuwa na maandishi. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, kanzu na kofia yake, amezungukwa na kijani kama shuka la jeneza, na juu yake kichwa cha habari: ASANTE KWA UTUMISHI WAKO.

Mama mmoja akashika kichwa. "Uwiii! Ndiyo maana hajafika!"

Kilio kikaenea. Wazee wakaanza kumsomea dua.

"Jamani, ni kompyuta tu!" Mrisho akapaza sauti.

"Masikini, hata hajui anachosema," wakaambiana. "Mtoeni nje apate hewa, alikuwa kama mwanawe."

Wanaume wanne walikwisha kuinuka kwenda kutafuta majembe ya kuchimbia kaburi, na mlangoni wakakutana na Mzee Lugusi mwenyewe, vumbi hadi kwenye ndevu.

"Nani kafa?" akauliza. Akatazama ukutani, akajiona. "Nani kanilaza?"

"Mimi, Mzee. Shikamoo."

"Shikamoo ya maiti haiitikiwi. Sema!"

"Niliiamuru mashine ilaze kila kisicho na maandishi," Mrisho akasema. "Sikuitajia mizinga kwa majina. Na wewe ukaingia humo humo."

Mzee akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa barua iliyokunjwakunjwa, na Mrisho akaona posa yake imekwisha.

"Kumbe ndio ugonjwa wako!" mzee akasema. "Wiki tatu barua hii inaniumiza kichwa. Umeandika, 'Naomba kumwoa binti yako.' Binti yupi? Ninao watano! Nimewasomea, wawili wamekubali papo hapo, na Mwavita kanuna, chakula hali. Kaandike upya, utaje jina. Ukiniletea tena 'binti' mtupu, nakukabidhi wote watano uwalishe!"

Vilio vikageuka vigelegele. Mrisho akaomba karatasi pale pale, akaandika, na jina la Mwavita akaliweka mara tatu, akalipigia na mstari.

Basi, tangu siku hiyo, kwa wafugaji wale, mtu akiagiza kwa jumla bila kumtaja anayemkusudia, huambiwa: Alazaye wote humlaza na mkwe.