Saa Saba za Kipungu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Mabawa na tumbo!

Basi, katika Mji wa Chokaa alikaa Bibi Kindi. Binti yake aliolewa mbali, Mji wa Mikwaju, akajifungua mtoto wa kiume. Mila yao ilikuwa hivi: siku ya saba, bibi mzaa mama ndiye humpa mjukuu jina. Asipofika kabla jua halijachwa, jina hutoka upande wa baba. Bibi Kindi alitaka mtoto aitwe Sengo, jina la marehemu mumewe. Alilitaka mpaka kifua kinamuuma.

Habari ilimfikia siku ya saba yenyewe, adhuhuri. Kwa miguu ni mwendo wa siku tano. Akamwendea Kipungu, ndege mkubwa aliyekuwa akibeba wasafiri. Nauli yake ilikuwa chakula: kila saa angani, samaki mmoja.

"Mpaka Mikwaju ni saa saba," akasema Kipungu, jicho kwenye mkoba wa bibi. Ndani mlikuwa na samaki saba, zawadi ya wakwe, ng'onda wa chumvi tupu, wale wa kulowekwa usiku kucha ndipo wapikwe.

Bibi akawaza. Saa saba, jua litakuwa limezama. Lakini kunguru wa jirani huondoka asubuhi, hula mchana huko huko Mikwaju, na jioni yuko nyumbani. Hakubisha. Akapanda mgongoni.

Pa! Pa! Pa! Wakapita kilima chenye kipara. Saa ya kwanza ikatimia, Kipungu akameza ng'onda mmoja, mkavu hivyo hivyo. Pa! Pa! Pa! Wakapita kilima chenye kipara.

"Kilima hiki si tumekipita, mwanangu?"

"Hicho ni pacha wake, bibi."

Bibi akafungua mkoba. Saa ya pili akampa wa pili, na wa tatu juu yake, akisema asingoje saa, asije akachoka. Kipungu hakuzoea kukataa. Akameza wote wawili. Pa! Pa! Wakampita pacha mwingine.

Sasa chumvi ikaanza kazi. Ulimi ukamganda kinywani, akaomba maji. Bibi akamwambia hana hata tone, ila kwa mkwewe kuna mtungi mzima wa maji ya kisima.

"Lakini ni mbali," akasema. "Zimebaki saa tano. Ulisema mwenyewe."

Kipungu akanyoosha shingo, akakiacha kilima, vuuuu! Walipotua, saa ya tatu ndiyo kwanza inatimia, jua bado juu ya miti. Kipungu akatumbukiza kichwa mtungini, gudu gudu gudu. Bibi akaingia ndani, akampakata mtoto, akamwita Sengo mara tatu sikioni, akalia.

Kipungu alipomaliza maji akadai samaki wanne waliobaki.

"Wa saa zipi, baba?" akauliza Bibi Kindi.

Kipungu akatazama jua, akaondoka bila kuaga.

Funzo, jamani: usibishane na mwenye mabawa. Akisema saa saba, ni saa saba. Yeye ndiye ajuaye umbali. Mimi nimeshatua. Aliyebaki angani atafute mwenyewe pa kushukia.