Ulimi Ukiteremka, Miguu Ikipanda

Imepokewa katika habari za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba juu ya jabali moja katika nchi ya Yemeni palikuwa na mji, na katika mji huo aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Ghanim. Tegeni masikio, ndugu zangu. Na anayesinzia kule nyuma aamshwe, maana kisa hiki kinamhusu yeye kuliko wengine.

Mji ule haukuwa na maji. Kisima kilikuwa chini bondeni, na njia ya kukifikia ilikuwa ngazi ya mawe iliyochongwa ubavuni mwa jabali. Ilikuwa nyembamba, watu wawili hawapishani ila kwenye vituo, mahali palipochimbwa pakapanuliwa ili mtu apate kusimama. Upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili hakuna kitu. Na asubuhi nyingi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaifunika ngazi yote, hata mtu asiuone mkono wake mwenyewe.

Basi wakubwa wa mji wakaweka desturi, nayo ilikuwa desturi njema kwa kuwa waliijenga juu ya sunna. Anayepanda husema kwa sauti, "Allahu Akbar," na anayeteremka husema, "Subhanallah." Kwa njia hiyo watu walijuana hata wasipoonana. Anayeteremka akifika kituoni husimama kwanza akasikiliza. Akisikia takbira kutoka chini, hungoja papo hapo mpaka mwenziwe apite, kwa sababu mpandaji ana kiriba cha maji mgongoni na hawezi kurudi nyuma. Akisikia tasbihi, hujua kwamba aliye mbele yake anateremka kama yeye, naye huendelea na safari yake. Na yeyote atakayemteremkia mpandaji bila kungoja, adhabu yake ilikuwa moja tu: haikanyagi tena ngazi ile. Kwa watu wa mji ule, kunyimwa ngazi ni sawa na kuambiwa hama.

Bi Lubaba alikuwa mjane, na wanawake wa mji walikusanyika nyumbani kwake kila alasiri kusoma. Ulimi wake haukukauka kwa dhikri. Akikanda unga anadhukuru, akifagia anadhukuru, akipanda ngazi anadhukuru. Mama akitaka kumuasa binti yake humwambia, "Kuwa kama Bi Lubaba." Naye alilisikia jambo hilo, na nafsi yake, tusidanganyane, ililipenda.

Siku moja ya ukungu mzito alishuka kisimani baada ya sala ya asubuhi. Alikuwa amepata habari kwamba mke wa liwali atakuja kumsikiliza darsani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno atakayoyasema. Na mnajua darsa lenyewe lilihusu nini? Lilihusu kuhudhurisha moyo katika ibada! Akateremka huku akisema Subhanallah, akajaza kiriba, akakibeba mgongoni, akageuka kuanza kupanda. Miguu ikapanda. Moyo ulikuwa umeshafika barazani kwake, umekaa mbele ya mke wa liwali. Ulimi ukaachwa peke yake, nao ukaendelea na lile ulilolizoea tangu juu: Subhanallah, Subhanallah, Subhanallah.

Juu yake, kituoni, alikuwa amesimama Naufali bin Jaudi, muuza ngozi, na mzigo wake begani. Huyu Naufali hakuwa na jina zuri. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye maneno makali, na safu ya alfajiri ilimwona kwa nadra. Lakini asubuhi ile alifanya alilotakiwa kufanya. Alisimama. Alisikiliza. Akasikia tasbihi kutoka chini, akajua mtu anateremka mbele yake. Naye akateremka.

Wakakutana kwenye kona, pale ngazi ilipokuwa nyembamba kuliko mahali pengine pote. Bi Lubaba aliona kitu cheusi kikimjia ghafla kutoka kwenye ukungu. Kiriba kikagonga mzigo wa ngozi. Naufali aliona kwamba akishika ukuta atamsukuma mwanamke kule kusiko na kitu, basi akajipinda nje ili ampishe, na mguu wake ukakosa jiwe.

Bi Lubaba alisikia mawe yakiporomoka, kisha kishindo, kisha mtu akiugua. Akajilaza juu ya ngazi, akachungulia, hakuona ila weupe wa ukungu.

"Nani huko juu?" Naufali akaita. Sauti yake haikuwa mbali.

"Mimi Lubaba. Umeumia, mwanangu?"

"Mguu umevunjika. Nimeangukia kijabali kinachoteleza, nimeshika kichaka, lakini mizizi inang'oka." Akavuta pumzi. Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu asiyeelewa, "Bi Lubaba, ikiwa unapanda, mbona ulikuwa ukisema Subhanallah?"

Wallahi, swali lile lilimwingia kuliko kisu. Ndipo alipojua ulimi wake ulikuwa ukisema nini.

Akapiga kelele kuita watu wa juu, lakini kichaka hakingengoja watu. Akafungua kamba ya kiriba, akaiteremsha, haikufika. Chini yake palikuwa na jiwe lililochomoza, na mtu akisimama pale kamba ingefika. Akajifunga nguo kiunoni akageuka, uso wake ukielekea jabali, akaanza kushuka.

Maisha yake yote alikuwa amepanda na kuteremka jabali lile, wala hakuwahi kulishika. Sasa aliweka mguu wa kulia, akaupapasa mwamba kwa vidole, akangoja mpaka ajue jiwe limemkubali. Kisha mkono. Kisha mguu wa kushoto. Alisikia magoti yakitetemeka, akayaacha yatulie kwanza. Alisikia pumzi yake ikienda mbio, akaingoja. Darsa, mke wa liwali, sifa za mji, vyote vilikuwa vimemtoka. Palibaki mguu huu na jiwe hili, na Mola aliyevishika vyote viwili. "Subhanallah," akasema, na safari hii alikuwa akiteremka kweli.

"Usifanye haraka, Bi Lubaba," Naufali akasema kutoka chini, meno yakigongana. Naye ndiye mtu ambaye mji mzima ulimwita Naufali wa haraka.

Kamba ikamfikia. Akaizungusha kifuani, naye Bi Lubaba akaipitisha nyuma ya lile jiwe, akaishikilia mpaka viganja vikachubuka. Kichaka kiling'oka kikaenda zake bondeni. Kamba haikukatika. Watu wakafika na kamba nene, wakawavuta wote wawili, na Naufali alipoguswa mguu akazirai kwa maumivu.

Watu walipomtambua wakatikisa vichwa. "Naufali! Tulijua tu. Haraka yake itamuua siku moja." Wakamgeukia Bi Lubaba: "Wewe hujambo? Hakukuumiza?"

Naye akasema, "Alhamdulillahi, sijambo."

Hilo ndilo alilolisema, na zaidi ya hilo hakusema kitu. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, lakini alichokificha nyuma yake kilikuwa dhuluma.

Habari ikaenea kwamba kadhi wa mji, Mundhiri, ataketi Ijumaa baada ya sala kumhukumu Naufali kwa kumteremkia mpandaji. Bi Lubaba alijifungia ndani akasema anaumwa viganja. Nafsi ikamjia kwa sauti ya ucha Mungu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Ikamwambia: Ukisema kweli, si wewe utakayeaibika, ni dhikri itakayoaibika. Watu watasema hawa wanaodhukuru ni kasuku tu. Wanawake wataacha kusoma. Sitiri dini ya Mwenyezi Mungu. Na yule Naufali, hata kama hili hakulifanya, hajafanya mangapi mengine?

Siku ile akabishiwa hodi. Alikuwa Sukaina, mke wa Naufali, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kufika darsani. Alikataa kuketi.

"Bi Lubaba, mume wangu anasema alisimama kituoni akasikiliza. Anasema alisikia tasbihi. Nimeanza kufunga vyombo, kwa sababu hakuna atakayemwamini. Nami simuulizi mtu mwingine, nakuuliza wewe, maana wewe husemi uongo. Alisimama?"

Bi Lubaba akageuza uso. Akasema, "Ukungu ulikuwa mzito sana, mwanangu."

Sukaina akamtazama kwa kitambo. "Naam," akasema. "Ulikuwa mzito." Akaenda zake.

Bi Lubaba akafunga mlango, akatandika mswala ili asali. Akainua mikono, akasema Allahu Akbar, akasita. Hakuweza kuendelea. Kila alipolitamka neno lile, aliliona kuwa ndilo deni lake, lile asilolisema ngazini. Akakaa pale juu ya mswala akalia kwa uchungu.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakajaa uani mwa msikiti, wanawake wakaketi nyuma ya pazia. Naufali aliletwa juu ya kitanda, mguu umefungwa kwa vijiti. Kadhi hakumwita Bi Lubaba kutoa ushahidi. Aliona ni kumvunjia heshima mwanamke kama yule kumwapisha kwa ajili ya maneno ya Naufali.

"Ulingoja kituoni?" akauliza.

"Nilisimama nikasikiliza. Nikasikia Subhanallah, nikashuka."

"Na aliyekuwa akipanda alikuwa nani?"

"Bi Lubaba."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bi Lubaba asijue takbira na tasbihi! Na aliyemfundisha tofauti ni wewe, unayeamka jua likiwa utosini?" Kicheko kikazidi. Naufali akafumba macho. Hakubisha tena, kwa sababu alishazoea kutoaminiwa.

Nyuma ya pazia Bi Lubaba alikisikia kicheko chote. Alijua kwamba kadhi akishalitamka neno lake, mtu huyu na mkewe watahama wakiwa na mguu uliovunjika, naye atabaki na jina lake zuri mpaka siku ya hesabu. Kadhi akainua mkono kunyamazisha watu. Akafungua kinywa.

Bi Lubaba akaondoa mkono mmoja juu ya goti, akauweka chini. Akainuka. Aliitafuta sakafu kwa nyayo zake kama alivyolitafuta jabali, asije akakimbia.

"Ewe kadhi," akasema, "mtu huyu amesema kweli."

Watu wakageuka kulitazama pazia.

"Ulimi wako ulikuwa ukisema nini?" kadhi akauliza, na sauti yake imebadilika.

"Subhanallah."

"Na miguu yako?"

"Ilikuwa ikipanda."

"Na moyo wako, Bi Lubaba?"

"Haukuwepo, ewe kadhi. Ulikwenda kutafuta sifa. Yeye alisimama akasikiliza, nami nilipita nisijisikie mwenyewe. Kisha akajitupa nje ili nisianguke mimi. Kisha mkewe akaniuliza, nikamjibu habari za ukungu. Hukumu iliyomngoja yeye nipeni mimi."

Kadhi Mundhiri aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba wakubwa hawakuweka adhabu kwa mpandaji, maana hawakuwaza kuwa ulimi wa mtu unaweza kuteremka hali miguu yake inapanda. Lakini amejihukumu mwenyewe. Basi asiikanyage ngazi mpaka Naufali asimame kwa miguu yake na amruhusu. Akamgeukia mgonjwa. "Je, wamsamehe?"

"Nimemsamehe," Naufali akasema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Lakini mguu unauma, jamani!" Watu wakacheka tena, na safari hii wengi walikuwa wanalia.

Msidhani mambo yalimnyookea baada ya pale. Mke wa liwali hakuja. Mikeka ya darsa ilitandikwa, na alasiri nyingi hakuna aliyeikalia. Wapo waliosema kumbe hata yule naye ni hivyo hivyo. Majirani walimpa maji ya kunywa, wengine kwa moyo, wengine kwa kununa.

Alasiri moja Sukaina akaingia akihema, kiriba mgongoni. Akakitua mlangoni, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka mtupu.

"Nifundishe," akasema.

"Mwanangu, nikufundishe nini? Dhikri yangu umeona ilimfanya nini mumeo."

"Sikuja kwa ajili ya dhikri. Nilisimama hapa nikakuuliza, ukanijibu ukungu. Halafu ukasimama ukayasema mbele ya mji mzima. Nataka kujua ulipitaje kutoka hapa mpaka kule."

Bi Lubaba akavitazama viganja vyake vilivyokuwa havijapona. Kisha akasema, "Nilikwenda hatua moja moja, mwanangu. Na kila hatua niliiogopa."

Ndugu zangu waumini, Mwenyezi Mungu ametupa viungo hivi amana. Leo mtu anatoka kutembea asubuhi kwa ajili ya afya yake, mwili uko njiani, roho iko sokoni inagombana na mtu aliyeachana naye jana. Anarudi nyumbani hajui kama ndege waliimba. Anainama, anainuka, anabeba, anapanda, wala hayupo. Na mtu asiyekuwepo katika hatua yake anaweza kumuumiza mwenziwe asijue, tena akasifiwa. Ee Mola, turudishe ndani ya miili yetu kabla hujatutoa humo.

Haya, inukeni. Taratibu.