Sanduku la Nani Litoke?

Hapo zamani, si zile za wanyama kusemezana, bali zamani hizi za juzijuzi ambapo hata simu zilikuwepo, palikuwa na gereji Mombo, pale barabara ya kupanda Soni inapoanza kukunja kona. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na jibu la aliyeamka nusu silitaki.

Gereji hiyo ilikuwa na mafundi watatu. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la spana, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Sheria yao ilikuwa moja, nao waliirithi kwa waliowatangulia: fundi akiua injini ya mteja, sanduku lake linatoka. Linapelekwa kwa muuza spea, linabadilishwa kwa kifaa kinachotakiwa, na fundi mwenyewe anafungasha, kwa sababu fundi asiye na spana ni mwombaji. Sheria ngumu, nakubali. Lakini ndiyo iliyowafanya watu wa mlimani wawaachie magari yao waende kulala.

Sasa, alikuwepo mama mmoja wa Soni, Bi Mwajabu. Aliuza ng'ombe wake wote akanunua pikapu ndogo ya kubebea kabichi. Ng'ombe wakaenda, pikapu ikaja, na pikapu haikupanda mlima. Kushuka na kabichi si kazi, hata jiwe linashuka. Kazi ni kupanda na mbolea. Kona ya kwanza inakohoa. Kona ya pili inatoa moshi. Kona ya tatu Bi Mwajabu anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, na watoto wa shule wanampita kwa miguu huku wakimwamkia. Kila shikamoo ilimchoma moyo.

Akaenda kwa fundi wa kwanza, Shemboza.

"Fundi, nataka gari lipande."

"Litapanda, mama. Niachie."

Shemboza akang'oa kichwa cha injini, akaweka kingine kikubwa zaidi kilichotoka kwenye gari jingine kabisa. Hapa ndipo hadithi ilipojificha, kwa hiyo sikilizeni. Ndani ya injini kuna mkanda wenye meno, mkanda wa taimingi. Unazungusha puli ya juu na puli ya chini kwa pamoja. Ya juu inafungua valvu, ya chini inapandisha pistoni. Zikielewana, valvu inaondoka kabla pistoni haijafika. Zikikosana, vinagongana, na injini imekufa. Ndiyo maana kiwanda huchonga alama kwenye puli, fundi aweke mkanda bila kubahatisha.

Lakini kichwa kilikuwa cha kuazima. Alama ya kiwandani ikawa inasema uongo. Shemboza akavalisha mkanda, injini ikakataa. Akavua, akavalisha, ikakataa. Akavua tena, akavalisha, mpaka akapata mahali pake, jino moja kando ya alama ya kiwandani. Akaenda kwa mama lishe jirani, akaomba rangi ya kucha, akatia doa jekundu kwenye puli. Kisha akamwambia Bi Mwajabu, "Mkanda huu asiuguse mtu mwingine. Niite mimi."

Pikapu ikapanda! Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Kona ya tatu watoto wa shule walifungua midomo wamwamkie, naye ameshapita. Bi Mwajabu alicheka peke yake ndani ya gari mpaka Soni.

Siku zikapita, pikapu ikaanza kudondosha mafuta. Akashuka nayo gereji. Shemboza hakuwepo, alikwenda Handeni kumuuguza baba yake. Alikuwepo fundi wa pili, Kaoneka.

Kaoneka alikuwa msafi. Spana zake alizifuta kama vijiko vya harusi. Alifungua, akamulika, akaona sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, imechoka na mafuta yanaulowesha ule mkanda. Mkanda ukilowa mafuta meno yanalainika, na siku moja unaruka. Aliliona kabla halijatokea, na kwa hilo apewe haki yake. Akavua mkanda, akabadilisha sili, akaosha kila kitu kwa thina mpaka puli zikang'aa. Kwenye puli moja akakuta doa jekundu. Akadhani ni tone la mpiga rangi wa jirani. Akalisugua likatoka.

Akamwita fundi wa tatu, Hoza, kwa kuwa mikanda mipya ilikuwa kazi ya Hoza. Hoza alikuwa mtu wa taratibu. Akatazama alama za kiwandani, akazilinganisha kama alivyofundishwa, akavalisha mkanda mpya. Hakuwasha ovyo. Aliizungusha injini kwa mkono kwanza, polepole, ametega sikio. Haikugonga. Akarudia. Haikugonga. Akawasha. Ikawaka, lakini kwa sauti nzito.

"Bi Mwajabu, sauti hii siipendi. Niachie mpaka kesho."

"Kesho? Mwanangu, kabichi zimeshakatwa! Zimelala shambani zinaningoja mimi."

"Basi panda polepole," Hoza akasema, akampa ufunguo.

Bi Mwajabu akapakia mbolea, akapanda. Kona ya kwanza, ikavuta pumzi. Kona ya pili, ikatetemeka. Kona ya tatu, kwaa! Kisha kimya, na harufu ya chuma.

Kabichi ziliozea shambani. Pikapu ikarudi Mombo kwa kamba, na siku hiyohiyo Shemboza akarudi kutoka Handeni.

"Fungueni, nione kilichoniua," Bi Mwajabu akasema. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

Wakafungua. Wakatazama mkanda: haukukatika. Wakahesabu meno: yapo yote. Wakapapasa: mkavu, hauna mafuta. Wakakagua kikaza mkanda: kiko imara. Wakanyanyua kichwa: valvu zote zimepinda.

"Mkanda mzima, valvu zimepinda," Hoza akasema taratibu. "Basi uliwekwa pasipo pake. Kwa mkono haikugusa, maana nafasi ilibaki kidogo kama unywele. Injini ilipokazana na mlima, unywele ukaisha."

Shemboza akainama juu ya puli. Akaifuta kwa kidole, akaigeuza.

"Alama yangu iko wapi?"

"Alama gani?"

"Nyekundu."

Kaoneka akaweka chini kitambaa alichokuwa nacho. "Lile doa lilikuwa alama?"

Shemboza akaelekeza kidole kwenye valvu. Jibu lilikuwa mezani, limepinda.

Ndipo maneno yakaanza. Kaoneka akasema, "Mimi nilifuta uchafu. Wewe Shemboza ulitia rangi kwenye injini, hukuniambia, hukumwambia Hoza, ukaondoka. Alama gani hiyo ya siri?"

Shemboza akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama. Baba yangu alikuwa mahututi, ningeaga puli? Na wewe, tone la rangi limefikaje ndani ya kifuniko? Ungejiuliza mara moja tu!" Kisha akamgeukia Hoza. "Na wewe ulijua kichwa kile si cha gari hili. Uliniona nikikifunga. Mbona uliamini alama ya kiwandani?"

"Niliamini alama iliyokuwepo," Hoza akasema. "Ningeaminije isiyokuwepo? Nami sauti sikuipenda, na nilisema."

"Ulisema, kisha ukatoa ufunguo," Kaoneka akasema.

 Shemboza akamgeukia mama. "Na wewe, Bi Mwajabu, si nilikuambia uniite mimi?"

"Uliniambia," Bi Mwajabu akajibu. "Uliniambia nikuite wewe kwa mkanda, kwa breki, kwa betri, hata kwa redio. Kila fundi husema hivyo ili mteja asihame. Ningejuaje kwamba safari hii ni kweli?"

Muuza spea akaulizwa. Akasema kichwa anacho, na atapokea sanduku moja la spana, kamili. Najua yupo mjanja hapo nyuma anataka kusema wachangie, kila mtu atoe spana kadhaa. Mafundi nao walimwambia hivyohivyo. Akawajibu kwamba sanduku la kuokoteza halinunui, na sheria ya gereji nayo haikuwa na theluthi.

Basi wakaleta masanduku yao, wakayapanga mbele ya Bi Mwajabu. La Shemboza, lililotia gari nguvu. La Kaoneka, lililoziba mafuta. La Hoza, lililovalisha mkanda. Kila mmoja aliweka lake mwenyewe, bila kusukumwa, na kila mmoja alilitazama lake. Moja litoke, na mwenyewe afungashe.

"Chagua, mama," wakasema.

Bi Mwajabu akanyoosha mkono juu ya la kwanza, akaurudisha. Akaunyoosha juu ya la pili, akaurudisha. Juu ya la tatu, akaurudisha. Kisha akatoa ufunguo wa pikapu kifuani, ule alioudai kwa haraka, akauweka chini kwenye mstari huohuo.

Muuza spea yuko mlangoni anangoja. Mlima uko palepale. Mimi nimemaliza yangu, na sasa mkono ni wenu: masanduku matatu na ufunguo mmoja. Je, nani alistahili kulipa?