Mkanda Mwekundu wa Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zenye milango na komeo, palikuwa na nchi moja ya mawe ambako hakuna aliyelala vizuri. Mtawala wake alikuwa Chui, na Chui alikuwa na sheria yake. Kila Ijumaa nyumba moja ilitoa mtu wa kukimbia naye. Mteule alitangulia, Chui akahesabu hadi kumi, kisha akamfuata. Ukiufikia mwamba mkubwa kabla yake, nyumba yako imesalimika milele. Usipoufikia, mnajua wenyewe, na mimi sitaki kulitaja.

Hakuna aliyewahi kuufikia. Swala, pamoja na miguu yake ile, alishikwa nusu ya njia. Ndara zake zilibaki uwanjani wiki nzima kwa sababu kila mtu aliogopa kuziokota.

Jumamosi moja ngoma ya Chui ilipita ikilia, ndu, ndu, ndu, ikanyamaza mlangoni kwa Bi Pimbi, ishara kwamba mteule wa Ijumaa ni yeye.

Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, mkia hana. Huyu alikuwa fundi cherehani na mama wa watoto watatu. Ngoma iliponyamaza, sindano ilimdondoka mkononi. Watoto hawakula siku ile. Mumewe alisema wahame, naye akamuuliza wahamie wapi ambako pua ya Chui haifiki. Asubuhi alichukua futi yake ya kupimia, akaenda kwa Chui.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema. "Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kuomba nishikwe upesi. Naogopa kukimbia muda mrefu nikisikia pumzi yako nyuma yangu."

Chui alicheka hadi meno yote yakaonekana, na Bi Pimbi akajikuta anayahesabu. Kisha akaeleza shauri lake. Kila asubuhi Chui akimbie na vazi tofauti, yeye apige makofi ya kuhesabu hadi afike mwambani, idadi iandikwe ukutani kwa mkaa. Hivyo watajua ni vazi gani linampa kasi zaidi, na Ijumaa mambo yaishe haraka.

Chui alilipenda sana. Nani hapendi kuandikwa ukutani?

Jumapili alikimbia bila vazi, kama alivyokimbia maisha yake yote. Makofi hamsini. Jumatatu akavaa bukta, yakawa arobaini na tano. Jumanne akafunga njuga mguuni, arobaini. Jumatano Bi Pimbi akamshonea mkanda mwekundu wa kiunoni, na makofi yakawa ishirini tu. Alhamisi akaambiwa auvue mkanda wapime tena, na makofi yakarudi hamsini.

Ninyi mnaosikiliza mmeshaelewa. Mbio za Chui zilikuwa zilezile siku zote. Aliyebadilika ni mpiga makofi. Lakini Chui hakuyasikiliza makofi, yeye alitazama ukuta. Jioni ile alikuwa akishikashika kiuno chake kama mtu aliyepoteza funguo.

Ijumaa wanyama walijifungia ndani. Bi Pimbi aliwaambia watoto anapeleka nguo za wateja, na binti yake mkubwa akamshika kanga asitake kumwachia. Hakujua kama hila yake ingefaa kitu.

Chui, mkanda kiunoni na njuga mguuni, akahesabu kumi. Bi Pimbi alikimbia, na haukupita muda akasikia njuga, cha, cha, cha. Zikakaribia. Akasikia na pumzi. Mwamba ulikuwa bado mbali, na miguu ile mifupi ilikuwa imeshatoa yote iliyokuwa nayo. Ukucha ukagusa pindo la kanga yake.

Hapo uzi ukakatika. Mkanda ule Bi Pimbi aliushona kwa uzi mmoja tu, tena uliooza. Ukateleza kiunoni, ukaanguka njiani.

Chui angenyoosha mkono tu. Badala yake alisimama, kwa sababu ghafla aliiona miguu yake imekuwa mizito. Akarudi kuuokota. Akaufunga, akakimbia hatua tano, ukaanguka tena. Akapiga fundo, likafunguka. Safari hii mwenye hofu alikuwa yeye.

Alipoinua macho, Bi Pimbi alikuwa juu ya mwamba, anahema na kulia.

Chui alimwendea polepole, mkanda mkononi. Hakunguruma.

"Makofi mangapi?" akauliza.

"Sikuhesabu, bwana mkubwa," Bi Pimbi akajibu. "Nilikuwa nakimbia."

Basi, wanangu, mbio zimo miguuni. Ukishaamini zimo kwenye mkanda, aliyekushonea mkanda ndiye atakayeamua utashindwa lini.